Mate Aliyoyameza Babu Yako

Mwanangu Samweli,

Salamu sikupi, maana tumo nyumba moja na nakusikia unakoroma upande wa pili wa ukuta. Barua hii nitaiweka juu ya Biblia yako. Najua utaifungua kabla ya uji, ndivyo ulivyofundishwa, na kwa mara moja utaona maandiko ya mama yako kabla ya maandiko ya Mungu. Anisamehe. Ningesema kwa mdomo, lakini leo jioni tulijaribu kwa mdomo na umeona tulipofika.

Nilikuita jikoni, nikakushika bega, nikakusanya mate nikubariki kama mama zetu wote wa mlima huu walivyowabariki wana wao wakitoka. Ukarudi nyuma. Hata halijakugusa tone, ukajifuta paji la uso kwa kiganja. Ukasema, "Mama, baba mwenyewe alifundisha kuwa hayo ni mambo ya giza." Kisha ukasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Niombee tu. Maombi yanatosha."

Nimebaki na mate mdomoni kama mjinga.

Ulisema kweli, baba yako alifundisha hivyo. Lakini wewe ulikuwa shuleni, mwanangu, na mahubiri uliyoyashika ni yale ya mwanzo. Ya mwisho hukuyasikia, kwa sababu wakati ule wakubwa wa misheni walikuwa wamekwisha kumnyima mahali pa kuhubiria. Kwa hiyo usiku huu sitakwambia uchemshe maji, wala ulale mbali na wenye kuhara huko kambini unakokwenda, wala usibadilishe shuka yako kwa tumbaku. Utu uzima umeufikia. Nitakwambia mtu uliyemrithi alikuwa nani, kisha kesho ufanye upendavyo.

Baba yako kabla hajawa Zakaria alikuwa kijana kama vijana wengine wa Meru, mchunga mbuzi, mbishi, mwenye miguu ya mbio. Wajerumani walipojenga boma pale Arusha waliwakusanya watu kubeba mawe na chokaa. Kaka yake alikuwemo. Jiwe lilimponda kifua, akalazwa pembeni, chini ya ukuta aliokuwa anaujenga, na kazi ikaendelea. Akafa mchana watu wakipita. Unajua sisi tulivyo na kifo: mtu akishaanza safari hiyo tunakaa mbali, na jirani zetu Waarusha humtoa nje kabisa ili asifie ndani. Baba yako alifika jioni akamkuta kaka yake amekwisha kupoa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia alisema nini. Hilo ndilo lililompeleka misheni. Wengine walifuata nguo, wengine walifuata kusoma. Yeye alisikia kuwa kuna nyumba ambamo mgonjwa hukaliwa na mtu mpaka mwisho.

Ilikuwa misheni ndogo, maskini, hii yetu ya kuzamishwa mtoni. Wenzetu wa misheni kubwa waliomwagiwa maji kichwani walitucheka sana. "Haya, samaki hao wanapita!" Tulizamishwa siku moja mimi na baba yako, maji ya Themi yakiwa ya baridi mpaka meno yanagongana, na nilipotoka nilijiona nimekuwa mtu mpya kweli. Acha nikwambie aibu yangu: nilikuwa mkali kuliko yeye. Mama yangu mzazi nilimkataza kuniletea pombe ya ndizi hata ya harusi. Nilikuwa na ulimi, na sasa ulimi ule ulikuwa na dini.

Walimweka baba yako katika nyumba ya wagonjwa. Bibi muuguzi alifunga vidonda, Bwana Mchungaji alikuja Jumapili, na baba yako alikaa nao siku zote. Kazi yake haikuwa na jina. Alimwaga mabeseni, aliwageuza wasiooze mgongo, na mtu alipokuwa anakwenda alimshika mkono. Hakuanza na sala. Mzee wa Kiarusha akiletwa kutoka Kisongo, macho yamemtoka kwa hofu ya kufia ndani ya nyumba, baba yako alikaa chini akamwuliza, "Mzee, shikamoo. Ng'ombe wako wanaitwaje?" Mzee angeanza kwa shida: yule mwenye baka, yule wa pembe moja, yule aliyetolewa mahari. Wakifika ng'ombe wa kumi hofu imekwisha shuka. Kisha ndipo sala, ikiwa mzee anaitaka.

Lakini jambo moja hakuliruhusu. Mzee anapoona siku zimekwisha huwaita wanawe, wanainama, anawatemea mate kichwani na kuwatamkia maneno yake. Ndiyo kazi ya mwisho ya mzazi duniani. Askari wa pwani walioona walidhani ni matusi, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bwana Mchungaji hakucheka, alisema ni uchawi. Baba yako akamwamini. Akawa anasimama katikati ya mzee na wanawe, kwa upole, kama ulivyosimama wewe leo, na kuwaambia kuwa kwa Yesu mkono unatosha. Akawafundisha vijana wa darasa la ubatizo hivyo hivyo. Wengi walimfuata. Mmoja wao, miaka ya baadaye, alikuwa Filipo, yule mwana wa jirani yetu wa huku chini Makumira. Jina hilo nitarudi kulitaja.

Sasa babu yako. Wewe humkumbuki, ulikuwa unatambaa. Mzee yule hakubatizwa na wala hakutupinga. Alisema tu, "Mto mmoja, watu wawili wanaoga, kila mtu na uchafu wake." Alishikwa na kifua msimu wa baridi, wakamleta kwa machela ya migomba, akalazwa katika nyumba ile ile anayofanya kazi mwanawe. Siku ya tatu alijua. Bwana Mchungaji alikuwepo, bibi muuguzi alikuwepo, na mimi nilikuwa mlangoni nimekubeba mgongoni.

Babu yako alisema, "Mwanangu, sogea. Inama."

Niliona mashavu yake yakijikusanya. Unajua mtu mwenye kifua kile anavyokaukiwa, ilimchukua muda. Na baba yako, Samweli, alianza kuinama. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Shingo yake ilianza kushuka. Mimi ndiye niliyemshika shati kwa nyuma nikamvuta, nikamnong'oneza, "Simama imara. Wanakutazama."

Akasimama. Akanyoosha mkono, akasema lile alilowaambia wengine, "Baba, nipe mkono tu. Kwa Yesu mkono unatosha."

Babu yako alimtazama. Hakukasirika, laiti angekasirika. Alikuwa na mate yale mdomoni na hakujua ayapeleke wapi. Basi akayameza. Nililiona koo lake likipanda na kushuka. Akampa mkono kama alivyoombwa, na kabla ya ng'ombe kukamuliwa asubuhi alikuwa amekwenda. Bwana Mchungaji alimpiga baba yako bega la kushoto akamwambia amekuwa shujaa wa imani. Mimi nilitembea kurudi nyumbani kichwa juu, nimejaa fahari mpaka kooni.

Fahari ile ilikaa siku chache tu. Baba yako aliacha kula. Nilidhani ni msiba wa kawaida, nikampikia loshoro ya mahindi na maziwa aliyokuwa anaipenda, akaisukuma kando. Nikamwuliza unaogopa laana? Akaniambia, "Laana gani? Mzee hakunilaani. Nimemnyang'anya kazi yake ya mwisho. Amekwenda na mzigo aliotaka kuutua."  

Miaka kadhaa aliendelea kufundisha yale yale, moyo haumo tena, na wewe ukakua ukiyasikia, halafu akaja mzee mmoja wa Kisongo. Wanawe wawili walikuwa kwenye shamba la mzungu upande wa Usa, hawakuruhusiwa kuondoka kabla ya palizi kwisha. Mzee anakufa, anageuza kichwa mlangoni, anageuza tena. Baba yako akamwuliza ng'ombe, hakujibu. Akamwuliza tena. Macho mlangoni. Basi baba yako akapiga magoti kando ya kitanda akainamisha kichwa, akasema, "Nipe mimi. Nitawafikishia."

Mzee akamtemea, akatamka maneno yake yote, ya mkubwa na ya mdogo. Baba yako hakuosha kichwa. Alfajiri akatembea mpaka Usa, akawakuta vijana wale katikati ya mibuni na majembe, akawaambia baba yao amekwenda na amewaachia hiki. Wakainama palepale, akawatemea, akayarudia maneno. Msimamizi wa shamba alifikiri wamepatwa na wazimu. Mkubwa alilia, mdogo hakulia, ila alimsindikiza baba yako mpaka mtoni.

Habari haikai mfukoni. Watu wakaanza kuja kwa sababu hiyo hasa, wagonjwa ambao wana wao walikuwa kwa walowezi, kwenye reli, wametoroka kodi. "Yuko mtu mle ndani atakayekuinamia." Baba yako akawa na miguu ya mbio tena. Alikwenda Moshi, alikwenda mpaka Upareni mara moja, akarudi na nyayo zimepasuka. Mimi nilinung'unika shamba likiota magugu, na kusema kweli nilikuwa nimekwisha kujua kuwa hii ndiyo kazi yake, ile nyingine ilikuwa mazoezi.

Bwana Mchungaji alipopata habari alimwita. Sikuwepo, nakueleza alivyonieleza.

"Zakaria, ni kweli unatemea watu mate?"

"Ni kweli, Bwana."

"Unajua ni upagani."

"Najua ulivyonifundisha. Lakini Bwana, wewe unakuja Jumapili. Mimi niko nao Jumatatu."

Loo! Kwa neno hilo moja walimtoa kwenye Meza ya Bwana, wakamzuia kuhubiri, na ule uchungaji aliokuwa ameahidiwa, wa kuwekewa mikono mbele ya watu, ukafutika. Kazi ya mabeseni walimwachia, maana nani mwingine angeifanya? Miaka yote iliyobaki alikaa nje Jumapili, kwenye jiwe karibu na dirisha, akiitikia nyimbo kwa chini. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Tulikubaliana tusikwambie, usije ukadharauliwa na wenzako. Likizo ukija, alikuwa anasema tumbo linamuuma, hataingia kanisani. Uliamini. Mtoto huamini tumbo la baba yake. Na watu wa mlima, wa kuzamishwa na wa kunyunyiziwa na wasio na dini, wote walimwita Mchungaji. Cheo alichonyimwa ndani alikuta amepewa njiani.

Kisha vita hivi vya Wazungu. Wakawakamata wanaume kwa mamia kubeba mizigo njia ya Taveta, na wapagazi wakaanza kufa kambini kwa kuhara damu kuliko kwa risasi. Boma likaomba misheni itoe mtu wa kukaa na wagonjwa, anayejua Kimeru na Kimaa cha Wamasai na Kiswahili. Ajabu, siku hiyo walimkumbuka! Bwana Mchungaji alikuja mpaka hapa mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Zakaria, Mungu anakuhitaji." Nilikuwa nachambua maharage, nikatamani kumwagia ungo.

Nilimwambia baba yako asiende. Alicheka. "Na nani atawainamia?" Nikamwuliza, na mwanao? Wewe ulikuwa bado shuleni, mbali. Akasema, "Samweli nitambariki Krismasi. Atakuwa amenipita urefu, itabidi apige magoti." Alilisema akifurahi, akapima kwa mkono hewani urefu atakaokukuta nao. Hakukuona tena.

Filipo, naye alikuwa amekamatwa upagazi, ndiye aliyerudi. Walimwachia baadaye, mguu wake ulipooza kwa kidonda. Alikaa jikoni hapa, pale ulipokuwa umekaa leo, akanieleza huku anatazama moto. Alisema kambi ile ilikuwa kibanda cha nyasi na watu wamelala chini kama kuni. Baba yako alikuwa anapita kwa magoti kutoka kwa mmoja mpaka mwingine, anauliza ng'ombe, anainamisha kichwa. Wamasai, Wapare, Wanyamwezi ambao hata desturi hiyo hawanayo, nao waliomba. Kila mmoja alitaja mwanawe na anapoishi. Baba yako hakuandika, alikuwa anayarudia usiku kwa sauti ya chini ili yasimpotee.

Halafu naye akashikwa. Siku mbili tu. Akamwita Filipo, mwanafunzi wake, mtu wa nyumbani, pekee aliyekuwa na nguvu ya kutembea. Akamwambia, "Filipo, inama. Nina ya watu wengi hapa. Na ya Samweli."

Filipo akasema, "Mwalimu, mimi nimebatizwa."

Baba yako akasema, "Inama, mwanangu."

Na Filipo akasema, nilimtaka mara tatu anieleze na kila mara alisema vile vile: "Mwalimu, wewe mwenyewe ulinifundisha. Kwa Yesu mkono unatosha." Akamshika mkono. Alidhani anamtia nguvu; kule kuwainamia wengine alikuhesabu huruma tu. Alidhani mwalimu amechanganyikiwa kwa homa na Shetani anamjaribu saa ya mwisho, na yeye, Filipo, ndiye wa kumshikilia asianguke. Baba yako alijaribu kueleza, sauti haikutoka. Wakakaa hivyo, wameshikana mkono, mpaka akaisha.

Filipo alilia hapa mpaka makamasi. Nilimpa chakula, nikamwambia si kosa lake. Nilisema uongo, na Mungu anajua. Halafu alipoondoka nikajua kuwa si kosa lake kweli, maana shati lile nililivuta mimi. Laiti baba yako angeinama siku ile, asingemfundisha Filipo vile. Hesabu yote inarudi kwenye vidole vyangu hivi vinavyoshika kalamu.

Basi baraka za watu wale wote zimekwenda ardhini njia ya Taveta. Wake zao wanakuja hapa bado. Juzi alikuja mmoja kutoka Kisongo na mtoto mgongoni, akakaa hata maji hakutaka. "Mama Mchungaji, mume wangu alikuwa kambi ile. Hakuacha kitu kwa huyu?" Nikamwambia hakuacha. Ningeweza kumtemea mtoto nikatunga maneno. Sikuweza. Alinishukuru, akaondoka, na mimi nikaingia ndani nikakaa gizani mchana kweupe. Ninakaa hivyo siku nyingi sasa. Sala nazisema kwa sababu mdomo umezizoea. Nikimwuliza Mungu kwa nini alimwacha mtu wake afe na mzigo wa watu kichwani, hajibu, na nimeacha kungoja jibu.

Na wewe jana umerudi na karatasi ya boma, umenyooka, shati jeupe, ukaniambia umejitolea kwenda kambi ile ile kuchukua nafasi ya baba. Watu wamekupongeza. Bwana Mchungaji amekupiga bega, niliona, bega lile lile la kushoto. Moyo wangu ulianguka mwanangu. Sikuoni ukirudi. Nisamehe kukuandikia hivyo, mama hapaswi kusema, lakini nimechoka kusema visivyo vya kweli. Mtoto wangu ni mmoja, na unakwenda kufa kwa mahubiri ambayo baba yako aliyatubia.

Sikwambii mate yana nguvu. Sijui. Labda Bwana Mchungaji ana haki, labda ni mate tu. Ninachojua ni koo la babu yako likipanda na kushuka. Mtu aliyefika mwisho hana kitu tena, hana ng'ombe, hana nguvu, hana hata shuka. Amebaki na kile cha kumpa mwanawe, na hapo anatokea mtu mwenye shati jeupe anamwambia akimeze.

Kwangu usiiname. Nakufungulia. Nilipomvuta baba yako shati nilipoteza haki ya kuomba shingo ya mtu. Lakini huko utamkuta mpagazi mmoja anahangaika mashavu, anatafuta kichwa cha kutemea baraka yake. Kwa huyo usisimame. Mwulize ng'ombe wake, kisha shuka chini. Na ukipata uhai wa kurudi, upeleke alichokupa kabla hujaja kwangu. Nitangoja, nimezoea.

Alfajiri nitakuwa mlangoni. Ukipita wima sitakuita. Nitangoja unipe mgongo, ndipo nitayatema mate yangu nyuma yako, na maneno nitayasema kwa chini usiyasikie yakakukera. Sijui kama baraka hushika namna hiyo. Wazee waliojua wamekwisha, na hakuna aliyebaki wa kumwuliza.

Mama yako,
Debora